Bibi Shamba Aliyemwaga Viwavi Mezani

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukanyaga matuta ya watu, bibi shamba wetu, tuliyemzoea kwa jina la Mama Lenzi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Jina hilo alilipata kwa kioo cha lenzi cha kutazamia wadudu alichovaa shingoni. Hata harusini kwa mdogo wake alikwenda nacho.

Miaka kumi na minne ya mwanzo alikuwa chini ya wizara. Alikuwa na pikipiki, mafuta na semina kila msimu. Wakulima walijua: Jumanne yuko bondeni, Alhamisi yuko mlimani.

Kisha madaraka yakashushwa kwenye halmashauri. Tukaambiwa huduma sasa inamsogelea mkulima. Tuliokuwa ofisini tuliona kilichosogea: pikipiki ilisogezwa masijala isambaze barua za vikao, na Mama Lenzi akasogezwa ukumbini aandike mihtasari. Mtaalamu wa mazao! Nasema bila kumung'unya maneno: ilikuwa aibu, na sisi wenzake tulinyamaza.

Msimu wa tatu viwavijeshi wakavamia mahindi. Aliomba usafiri wizarani, akajibiwa hayo ni ya halmashauri. Halmashauri ikamwambia asubiri kikao. Alisubiri siku mbili. Ya tatu akakaza kamba za viatu, akatembea kwa muda wa saa nne hadi bondeni. Alikuta mabua matupu. Mjane mmoja mzee, aliyeketi kwenye tuta lake, hata hakupandisha sauti.

"Mwanangu," alimwambia, "wanasema serikali imekuja karibu. Mbona wewe umekuwa mbali?"

Wiki iliyofuata Mama Lenzi aliingia kwenye kikao cha madiwani na kiroba cha mabua yaliyojaa viwavi, akakimwaga mezani. Mheshimiwa mmoja alipanda juu ya kiti.

"Hawa hawakusubiri kikao," akawaambia.

Pikipiki ilirudishwa siku ileile. Barua ya onyo ilimfikia kesho yake. Alifundisha wakulima themanini kukagua mashamba yao wenyewe, na viwavi waliporudi, bonde lote lilivuna.

Leo nafasi yake haijatangazwa. Vijiji kumi na kimoja vinabaki bila mtaalamu. Tumeuliza wizarani, tumeuliza halmashauri. Kila upande umetuelekeza kwa mwenzake.

Asante, mama. Utusamehe kwa siku ile tuliyokuacha utembee peke yako. Pumzika, cheka na wajukuu, lima shamba lako kwa raha zako. Na mkulima akikupigia simu Jumatatu, mpe namba ya mkurugenzi wa halmashauri. Tumekuandikia nyuma ya kadi hii ya kukuaga.