Mama Toleo Anastaafu, Michoro Inabaki Bila Mwenyewe

Baada ya miaka thelathini na moja katika ofisi ya michoro ya kiwanda chetu cha pampu, Mama Toleo anastaafu tarehe 30 mwezi huu. Kadi za mwaliko wa sherehe ya kumuaga zina tarehe nyingine. Aliyeibadilisha hakumwambia aliyechapisha, na mambo ya namna hiyo ndiyo yaliyomzeesha.

Alianza enzi za meza kubwa, penseli na rula. Mhandisi akitaka kusogeza tundu moja la bolti, ilimbidi amfuate, aombe kwa adabu, angoje. Zikaja kompyuta, na kila mhandisi akawa anaunda pampu yake kwenye skrini na kuibadilisha apendavyo, bila kumwambia mtu. Modeli hiyo ya kwenye skrini inabadilika asubuhi; mchoro uko ukutani karakanani na vipimo vya mwezi uliopita, na sisi mafundi tunakata chuma kwa kufuata ukuta. Ndipo akapata jina lake, maana yeye alimuuliza kila aliyeshika karatasi hili ni toleo la ngapi.

Alitukera, tuseme ukweli. Aliingia karakanani na kubandua michoro ya zamani huku mashine zikinguruma. Tuliificha nyuma ya makabati kwa sababu tulikuwa tumeandika hesabu zetu pembeni, aliifukua. Hakumpa mtu mchoro mpya mpaka kwanza amkabidhi wa zamani, na aliuchana palepale mbele ya mwenyewe. Wahandisi nao hawakupona. Aliyesema amebadilisha kidogo tu aliulizwa kidogo hicho ni milimita ngapi, kisha akateremshwa hadi karakanani aje atueleze sisi mafundi kwa mdomo wake.

Sasa uongozi umeamua nafasi yake isijazwe. Tumeambiwa programu mpya inarekebisha mchoro yenyewe modeli ikibadilika. Sawa. Mwezi uliopita, yeye akiwa likizo, mhandisi mmoja alisogeza matundu ya kifuniko cha pampu. Mistari ya mchoro ikasogea yenyewe, kama tulivyoahidiwa. Kipimo ambacho mtu alikuwa amekiandika mwenyewe juu ya mistari hiyo kikabaki vilevile. Tukatoboa vifuniko vyote vya oda ile kwa kipimo hicho, na hakuna hata kimoja kilichokaa kwenye pampu. Mama Toleo alikatiza likizo, akalitazama lundo la chuma chakavu, hakumfokea mtu. Afadhali angefoka. Aliketi akaanza kukagua michoro ya oda iliyofuata, mmoja mmoja.

Tumeuliza mara kadhaa nani atafanya kazi hiyo akishaondoka. Tunajibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Inatuudhi, na tunaliandika hapa kwa sababu wakubwa husoma jarida hili la kiwanda.

Mama, asante kwa kila karatasi uliyotupokonya. Vidole vyetu, ambavyo vingeumia kwa kulazimisha vyuma visivyokaa, bado vizima kwa sababu yako. Tunakutakia afya njema na mapumziko marefu pamoja na wajukuu. Simu ya karakana ikiita nyumbani kwako, usipokee. Sasa ni zamu ya wakubwa kutujibu.