Kidole Kitupu cha Maman Eulalie

Mambo haya yalianza Jumanne, tarehe nane Oktoba, saa kumi na dakika kumi alasiri, mvua ikiwa imekatika na maji mekundu ya udongo yakiendelea kushuka mtaroni kuelekea ziwani. Nyuma ya hospitali yetu, huku Kadutu, Bukavu, kuna ubao uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, chini ya bati la gereji ya Papa Télesphore. Hicho ndicho kijiwe. Yunus, ambaye babu yake alitoka pwani akaja kuuza nguo Uvira, huchemsha hapo kahawa ya tangawizi kwenye makaa, birika moja kwa siku, na likiisha limeisha. Wanamwita Hadji, ingawa safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Minova, kando ya ziwa hilihili. Hugues, mwalimu mstaafu, ni Radio: hakuna habari asiyokuwa nayo, hata zile ambazo hazijatokea bado. Télesphore mwenyewe ni Ingénieur. Mimi ni Francine, lakini pale naitwa Mademoiselle Chlore, yaani Bi Klorini, kwa sababu kazi yangu hospitalini ni kuhakikisha mtu hatoki na ugonjwa ambao hakuingia nao.

Kila nikitoka kazini nakunywa kikombe kimoja, na kabla ya kunywa nakisuuza kwa maji ya moto. Hadji amezoea. Anasema mimi hata mvua ningeiosha.

Siku hiyo Télesphore hakunisalimu. Alikuwa ameketi mwisho wa ubao, anazungusha bougie, plagi ya pikipiki, kati ya vidole vyake vyeusi kwa oili.

— Ingénieur, uko na nini? Hadji akamuuliza.

— Bibi yangu anatoshaka pete.

Wote watatu wakanigeukia mimi. Habari ya karatasi yangu ilikuwa imefika kijiweni siku ileile nilipoibandika, Jumatatu tarehe kumi na sita Septemba, kwenye mlango wa maternité, wodi ya wazazi. Ina mistari saba. Mstari wa kwanza unasema kwamba hakuna anayevuka alama nyekundu ya sakafuni akiwa na pete, saa, bangili wala kucha za bandia. Niliiandika kwa sababu kuanzia Julai hadi mwanzo wa Septemba akina mama hamsini na wanane walijifungua kwa kupasuliwa, na tisa kati yao vidonda vilitunga usaha. Tangu karatasi ibandikwe wamepasuliwa kumi na wanne, na hakuna hata mmoja. Kumi na wanne ni wachache, siwezi kushangilia. Lakini nalala kidogo.

Muuguzi mkuu wa maternité ni Maman Eulalie, mke wa Télesphore. Ndiye aliyevua pete wa kwanza, mbele ya wote, na wauguzi wengine kumi na mmoja wakamfuata bila neno. Akiivaa tena, nao watavaa tena siku hiyohiyo.

Nikamweleza Télesphore kwamba chini ya pete kuna unyevu ambao sabuni haiufikii, na vijidudu hukaa humo kama mende nyuma ya kabati. Akaitikia kwa kichwa. Yeye ni fundi, anajua uchafu unavyojificha chini ya washa ya bolti.

— Ile ya kazi minaelewa, Mademoiselle. Lakini ku nyumba? Sasa wiki tatu anarudiaka kidole butupu. Na Dimanche, ku misa, butupu.

Hapo nikaweka kikombe chini, kwa sababu nilijua pete iko wapi. Ilikuwa ndani ya kabati la Eulalie hospitalini, imefungwa kwenye kitambaa cha vidonda, nyeusi kama kaa. Na kosa lilikuwa langu. Kwenye mstari wa nne wa karatasi nilikuwa nimeandika: «Vitu vyote vilivyotolewa vilowekwe kwenye klorini kwa dakika kumi.» Nilikuwa nawaza mikasi na koleo. Eulalie, anayeheshimu karatasi kuliko sisi wote, akavua pete akaitumbukiza ndooni. Kabla dakika kumi hazijaisha akaitwa kwa mama aliyekuwa anajifungua, na pete ikalala humo hadi saa tisa. Tulipoitoa haikuwa na rangi ya pete tena.

— Usimwambie, Francine, aliniambia. Nitafute kwanza namna ya kuisafisha.

Kadutu nzima inaijua ile pete. Télesphore husimulia kila kahawa ikiwa nzuri: jinsi alivyoshuka Kamituga akiwa kijana, akachimba dhahabu kwa mikono yake, akairudisha Bukavu ndani ya soksi ili aoe. Miaka kumi na saba sasa. Mimi niliporudi kwenye madaftari yangu ya kemia nilikuta kwamba dhahabu haiharibiki hivyo, lakini sikumshuku Télesphore, nilijishuku mimi. Nilidhani nilikosea kipimo, badala ya nusu kwa mia nikaweka tano. Kwa wiki tatu nilikuwa napima ndoo ile kila asubuhi, mara mbili, na mara zote ilikuwa sawa, na mara zote sikuamini.

Kijiwe hakikusubiri niseme. Hugues alianza kwa sauti ya habari za saa moja: madaktari ndio waliodai, kwa sababu hawapendi kuona pete za wanaume wengine siku nzima. Hadji akasema hapana, jambo hili ni la kale, na methali ipo.

— Chanda chema huvikwa pete. Donc chanda kibaya kinavuliwa. Wazee balishaka sema.

Nilimwambia methali haisemi hivyo. Akasema mimi nilisoma santé publique, afya ya umma, si methali.

Hugues akahama kutoka kwa madaktari kwenda kwa mradi. Kwa mujibu wake kuna mradi unaopiga picha vidole vya wauguzi wa Kivu, picha zinapelekwa Kinshasa, huko wanawahesabu wote kuwa hawajaolewa, kisha wanaume kutoka Kinshasa wanaletwa kwa ndege. Hadji naye akaleta mwanamke wa Uvira aliyevua pete ili aoshe samaki, na tangu siku ile ziwa likawa linamwita kwa jina lake la ubatizo. Nikauliza kwa nini la ubatizo. Akasema ziwa halina dini moja.

— Na we, Mademoiselle, Hugues akaniambia, juu ya nini unavalaka saa?

Nikasema saa yangu ni ya kazi: natumia kuhesabu sekunde za kunawa, arobaini hadi sitini. Baba yangu alinipa siku nilipomaliza chuo. Wakatazamana. Hugues aliona afadhali arudi kwenye sayansi.

— Kuko mushipa moja inatokaka ku kile kidole, inafika ku roho direct. Ukiosha kile kidole na chlore kila siku, chlore inapanda. Kisha miezi tatu, mapendo inakuwa désinfecté.

Mimi nilicheka, Hadji akacheka, Hugues mwenyewe akacheka. Télesphore hakucheka. Aliweka bougie juu ya ubao polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

— Kesho asubui, saa moja, minapanda ku maternité. Avale pete mbele ya bote, ao arudie ku nyumba asifanye tena kazi.

Hapo ndipo tulipomwona mama mmoja amesimama kando ya jiko, ana thermos nyekundu mkononi, anangoja maji ya moto. Nilimfahamu: Maman Colette, ametoka Nyangezi. Binti yake Sophie alipasuliwa Jumapili, na yeye anamlinda, analala kwenye mkeka chini ya kitanda. Sijui alikuwa amesikia tangu wapi. Pengine tangu kwenye hadithi ya ziwa.

— Papa, ukimutosha Maman Eulalie pale, akasema, nani atafunga kidonda ya mutoto wangu?

Télesphore akasema hilo si jambo lake. Lakini alilisema akitazama chini.

Nilipima haraka: nikinyamaza, kesho saa moja Eulalie atadaiwa pete ambayo hawezi kuionyesha, mbele ya wauguzi kumi na mmoja. Nikisema, nimevunja ahadi. Nikasema. Nikaeleza mstari wa nne, ndoo, na yule mama aliyejifungua. Nikaeleza kwamba pete ipo, haijaenda popote, ila imegeuka nyeusi, na kwamba Eulalie anaificha kwa sababu hajapata namna ya kuisafisha. Nikaomba radhi kwa kuharibu dhahabu ya watu.

Hadji akashika kichwa. Hugues akatangaza palepale kwamba klorini ikila dhahabu basi matumbo yetu yamekwisha zamani, maana maji ya bomba yana klorini, na hii inaeleza mambo mengi ya mji huu. Alikuwa anaingia kwenye hoja ya pili Maman Colette alipomkata, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza njia.

— Ao dhahabu inakuwaka nyeusi?

Mimi nilikuwa na jibu, limo daftarini, ukurasa najua, lakini nilimtazama Télesphore nikaliacha. Hadji aliinua kidole, akavuta pumzi ya kuleta methali, kisha akashusha kidole. Nadhani safari hii alikuwa ameipata ile inayofaa, ndiyo maana hakuitoa.

Maji yaliendelea kupita mtaroni.

— Iko ya shaba, Télesphore akasema mwishowe. Ya synchro ya Land Rover, ile ya ku giaboksi. Nilikata ku tour, ile mashini ya kukatia vyuma, siku mbili. Ku Kamituga sikufikaka hata siku moja.

Hakuna aliyemcheka. Hugues, ambaye angeweza kuirusha habari hiyo hadi kijiji cha Miti kabla ya jua kuzama, alikuwa anasoma maandishi ya birika.

— Sasa amejua, Télesphore akasema. Dix-sept ans, miaka kumi na saba, minamudanganya, sasa amejua.

Nikafungua daftari langu dogo la kazi. Si kwa ujasiri. Mikono ilitaka kitu cha kushika. Nilikuwa nimeandika mambo yote ya siku ile ya ndoo, kama ninavyoandika siku zote, na kwenye jina la Eulalie palikuwa na maneno haya: «Chini ya pete, mstari wa kijani kuzunguka kidole. Labda ukungu? Kufuatilia.» Sikuwahi kufuatilia. Nikamsomea; shaba huacha kijani ngozini.

Télesphore aliiokota ile bougie juu ya ubao.

— Kila Samedi anasuguaka kile kidole na ndimu, akasema. Kabla ya misa ya Dimanche. Tangu tulioana. Alisema ni arufu ya samaki, ya sambaza.

— Basi alijua, Maman Colette akasema.

— Alijua.

— Na aliivalaka.

Télesphore akaniuliza tu kama shaba iliyopita kwenye klorini inaweza kung'aa tena. Nikasema kitabuni sijaliona hilo. Akasema yeye anajua: pâte ya soupape, dawa ya kusugulia vali, na kitambaa, robo saa. Kisha akaniuliza jambo jingine, kwa sauti ya chini, kama anauliza bei ya kitu asichotaka kuonekana anakinunua: wauguzi wa maternité ni wangapi. Nikasema kumi na wawili, mke wako akiwemo. Hadji akainamisha birika juu ya thermos ya Maman Colette, yakatoka matone matatu ya kahawa. Tulikuwa tumesahau maji, na kahawa ilikuwa imeisha.

Kesho yake, Jumatano, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, nilikuwa mbele ya mlango wa maternité. Niliufuta mstari wa nne nikaandika mwingine: «Mikasi na koleo, kwenye klorini. Pete na saa, hapa mlangoni.» Saa moja kamili Télesphore alifika, akasimama nje ya alama nyekundu bila kuambiwa. Alibeba kipande cha ubao kilichopigwa vishikizo vya spoku za baiskeli, kila kimoja na namba yake. Akanipa, akaenda zake.

Eulalie alikuja dakika nane baadaye. Pete, ambayo jioni iliyopita aliitoa kabatini akarudi nayo nyumbani, ilikuwa kidoleni, inang'aa kiasi cha kuchokoza macho. Hakuniambia neno juu ya ahadi yangu. Aliivua, akaitundika kwenye namba moja, akabaki anautazama ubao, kisha akatazama mkono wangu.

Nikahesabu vishikizo. Wauguzi ni kumi na wawili. Vishikizo vilikuwa kumi na vitatu.

Nilifungua saa ya baba nikaitundika kwenye namba kumi na tatu. Mkanda wake wa ngozi ulikuwa na unyevu kwa ndani. Niliuona, na nitauandika. Tukafungua bomba. Sikuwa na kitu cha kuhesabia sekunde, basi nikaanza Salamu Maria, polepole, kwa sauti, huku nikisugua kati ya vidole, na Eulalie akaipokea katikati. Tulisema tatu. Kisha tukaingia kumfungua Sophie bendeji ya kidonda.