Sifuri ya Avenue Yetu

Rachida, zima redio. Na wewe Hemedi, kaa hapa karibu na kichwa changu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na nitakayowaambia sitayarudia.

Kabla ya kugawana parcelle hii, kiwanja na nyumba, na cherehani zangu, kuna mtu. Mdogo wangu Yakubu, tonton wenu, baba yenu mdogo, anasikia sauti ambazo sisi hatuzisikii, na kwa sababu hiyo yuko katika chumba cha nyuma tangu miaka kumi na tisa. Majirani tunawaambia anafanya biashara Banalia. Mgeni akibisha, tunatia kufuli. Mimi ndiye niliyewafundisha hayo.

Mwaka jana wakubwa wa afya waliamua ugonjwa wa akili utibiwe kwenye kituo cha mtaa, kama malaria. Muuguzi Françoise akatuletea sisi wakubwa wa avenue, kila mmoja na barabara yake, fomu: wagonjwa wangapi kwako? Dawa zingekuja kwa hesabu hiyo. Mimi nilikuwa nautaka ukubwa wa quartier, mtaa mzima wenye avenue zote, nikaogopa kusemwa kwamba nyumba yangu ina kichaa. Nikaandika sifuri, nikatia sahihi, huku namsikia Yakubu akikohoa nyuma ya ukuta. Wenzangu saba nao waliandika sifuri. Nilipougua walikuja kunisalimia mmoja mmoja, na wanne wakaninong'oneza kwamba nao wanaficha mtu. Quartier nzima ikawa na akili timamu kwenye karatasi, na kituo hakikupata hata kidonge kimoja. Ukubwa wenyewe alipewa mwingine.

Tangu nilale hapa nina maswali mengi kama mtoto. Nilimuuliza Françoise dawa inajuaje njia ya kwenda kichwani. Akacheka: "Papa Daudi, ata docteur hajue yote. Na wewe, ulishamuulizaka ndugu yako ile anasikiaka?"

Miaka kumi na tisa nilimpelekea chakula, wanangu, na sikuwahi kumuuliza. Jana niliomba aletwe hapa kitandani, nikamuuliza. Akaniangalia sana, akasema, "Kaka, zinasemaka mambo mingi ya bure, sawa vile wewe mu mikutano yako." Tulicheka mpaka nikaishiwa pumzi. Asubuhi nzima niliuliza: zinaanza saa ngapi, ni za wanaume, zinajua Lingala? Alijibu yote, taratibu, kama mtu aliyengoja kuulizwa. Yapo mengine nilitaka kuyajua. Muulizeni ninyi.

Basi, Hemedi, chini ya godoro kuna fomu mpya. Nimeandika moja, na jina kamili la Yakubu. Ipeleke kesho. Wale wenzangu wanne waoneshe yangu kwanza, ndipo uwaombe yao. Rachida, wewe umpeleke kituoni kwa miguu, mchana, kwa barabara kubwa, na ukiulizwa useme huyu ni tonton, anaenda kutibiwa. Chumba cha mbele ni chake. Cherehani gawaneni bila kelele.

Mungu awape kifua cha kuvumilia macho ya watu, awape watoto watakaowauliza maswali... nipeni maji kidogo... awaridhie, kama mimi nilivyowaridhia.

Na siku ya kunizika, msimwache Yakubu nyumbani. Anayeshuka kaburini kunipokea ni ndugu. Wakikataa, jeneza lisubiri. Mvalisheni kanzu yangu... mikono yake ndiyo ishike kichwa changu... yake, Hemedi... si ya mwingine.