Pwani Iliyosawazishwa

Mgeni rasmi,

Sisi wachimba chaza wa matopeni tunakukaribisha. Pole kwa njia. Tumeona ulivyoshikwa mikono kushoto na kulia ili usiteleze.

HISTORIA YETU

Bibi zetu walichimba chaza hapa, maji yakipwa, na pwani yenyewe iliwaongoza. Majani ya bahari hushika mchanga kwa mizizi, tope hurundikana juu yake, tuta likainuka. Maji nayo hujichongea mifereji kando. Kaa na minyoo hufukua kila mmoja kwa namna yake. Tulikanyaga matuta, kwa kuwa chini yana mizizi. Palipo laini hatukukanyaga.

MAFANIKIO

Mwaka jana, katika risala kama hii, tuliomba tusawazishiwe njia ya kushukia pwani. Ulipiga makofi, ukaagiza trekta. Trekta liliiacha njia, likasawazisha pwani. Majani yaling'olewa, matuta yakalazwa, mifereji ikafukiwa. Picha zikapigwa. Kwa kweli ilipendeza, kama shuka iliyopigwa pasi.

CHANGAMOTO

Mwenzetu tuliyemwita Chapuchapu, shangazi wa binti anayekusomea, alishuka kesho yake na ndoo. Akasimama, akatazama huku na huku. "Jamani, nani kapanga upya sebule yangu?" Tukacheka. Akajaribu kwa mguu mmoja. Akazama hadi magotini, kisha kiunoni. Tulilala kifudifudi, tukamvuta.

"Taratibu wenzangu, mimi si jino!"

Tukacheka tena, huku tunavuta. Maji yakaanza kujaa. Tulivuta hadi yakatufika shingoni, na yeye alikuwa chini yetu.

Redio ilitangaza kuwa alizama akiogelea. Hakujua kuogelea.

OMBI

Tumeelezwa kuwa leo unazindua awamu ya pili, ng'ambo ya mkondo, ambako matuta bado yapo. Trekta limeshafungwa utepe. Mgeni rasmi, tunakuomba usiukate. Njia hatuiombi tena, tutateremka kwa makalio kama siku zote. Hapa palipoharibiwa majani mawili matatu yamechipua, na tope limeanza kuyakusanyikia. Hakuna aliyeyaagiza. Yaachwe tu.

Tuliambiwa tumalizie kwa shukrani. Tumejaribu kuziandika, zimetushinda.

Mungu akujalie kila ukanyagapo pawe pagumu.

Ni sisi,
Wachimba Chaza tuliobaki.