Banda la Kuhama la Mama Mkwe

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya karakana ya Randa, fundi seremala, na birika la kahawa juu ya jiko. Asubuhi hiyo tulikuwa watatu: Randa mwenyewe, Cheche anayechomelea vyuma mlango wa pili, na mimi mwashi, wananiita Zege. Mbele yetu lilisimama banda la kuku la kuhama, lina magurudumu manne. Mama mkwe wa Randa alikuwa njiani kuja kulitazama. Kuku wake walikuwa wanakufa kwa kukanyaga mavi yao kutwa, na alishasema wazi kuwa hii ndiyo kazi ya mwisho anayompa mkwe wake, maana kabati alilomtengenezea mpaka leo halifungi. Randa akatuomba msaada, na sisi si wachoyo wa ujuzi.

— Hili linanitoa kimasomaso, Randa akasema. Asubuhi unalisukuma hatua kumi, kuku wanapata majani mabichi, mavi yanabaki nyuma kuwa mbolea. Kesho yake unasogeza tena.

— Magurudumu yametoka kwenye mkokoteni wangu, Cheche akadakia. Mama akitaka, analifunga nyuma ya baiskeli anaenda nalo sokoni. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki kaingiaje hapo? Randa akauliza.

— Chuma nacho ni hivyo hivyo. Kikipoa hakikunjiki.

— Baiskeli ya nini? nikasema mimi. Weka usukani, kuku wajichagulie malisho.

— Kuku hana mikono, Zege, akasema Cheche.

— Miguu si anayo? Mpe pedali.

Randa akacheka, akatumiminia kahawa.

— Mwakani naweka ghorofa. Jogoo juu, matetea chini. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Hatukumuuliza jembe la nini. Siku hiyo kila mtu alikuwa na haki ya kusema lake.

— Na nguchiro akichimba kutokea chini? Cheche akauliza.

— Achimbe mpaka kucha ziishe, nikamjibu. Chini nimemaliza mimi.

Mama mkwe akafika, tetea kwapani. Tukasimama wote.

— Shikamoo mama.

— Marahaba wanangu.

Akalizunguka banda. Akavuta mlango, akaurudisha.

— Unafunga, akasema.

Randa akanigeukia, uso unang'aa. Miaka sita ya ndoa yake, hilo lilikuwa neno zuri la kwanza kulisikia kwa mama mkwe, na mimi nilifurahi kama nimeoa pale mimi.

Mama akamwingiza tetea ndani. Tetea akainamisha kichwa, akadonoa: ko, ko. Akageuka, akadonoa kwingine: ko.

— Mkwe wangu, mama akauliza kwa upole, majani atayalia wapi?

Tukainama wote watatu. Chini ya miguu ya kuku kulikuwa na sakafu ya saruji niliyoimwaga juzi, nene vidole vinne, imeenea ukuta hadi ukuta. Siku mbili tulikuwa tukiichungulia na kuisifu. Cheche akaanza kukuna shingo.

— Zege, Randa akasema taratibu, nyundo yako ile kubwa iko wapi?

Nikamwonyesha. Roho iliniuma sana, maana sijawahi kumwaga sakafu nzuri kama ile.