Shimo mu Saloni

Basi letu la Musonoi lilikwama nyuma ya malori ya shaba, ndipo jirani yangu wa mtaani, mzee Tata Kyungu, akamuuliza msichana aliyekaa karibu naye amefunga nini ndani ya kitenge.

"Ordinateri, Tata, kompyuta ya kubeba. Niliuzisha mashini yangu ya kushona. Sasa naenda kujifunza kazi ya hii akili ya mashini."

"Ungengojea kwanza, mutoto yangu. Batu banapiga makelele sana juu ya hiyo kitu. Mi pia, wakati wa makelele ya kobalti, nilitoboa sakafu ya saloni yangu, pale tunakalia na wageni. Kufika ku mawe ya kobalti, bei imeshaanguka. Sasa tunakula tumezunguka shimo."

Abiria kadhaa waligeuka kutazama nje. Kwetu, nyumba yenye sakafu nzima ni ya mgeni.

"Lakini mawe ilikuwako?" msichana akauliza.

"Ilikuwako."

"Basi hawakukudanganya. Ulichelewa kuanza."

"Na jirani yetu Merdi aliyeanza mbele ya bote? Alikosa mununuzi, akajengea yale mawe choo."

"Na bei ilipopanda?"

Merdi alikibomoa choo usiku uleule akauza mawe, mtaa mzima unajua.

Malori yakasogea. Kwenye kituo msichana akasimama na mzigo wake.

"Uiulize basi hiyo mashini," Tata Kyungu akasema polepole, "shimo yangu niifunge, ao niendelee kuchimba?"

"Haijasikia Kiswahili yetu muzuri, Tata. Njo maana naanza leo, niifundishe."

Akashuka.