Bomba la Mgodi wa Apolonia Lisigongwe Tena

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Utalii wa Mkoa, nawe Mama Hildegarda Pyka, uliyekubali kukaa nasi leo, na ndugu wageni:

Karibuni
Sisi waongozaji wa watalii wa Mgodi wa Apolonia tunawapokea kwa salamu ya wachimbaji: Mungu awafanikishe. Kuja kwako, mgeni rasmi, ni heshima kubwa, ila leo hatuna pa kuficha nyuso zetu.

Tulikotoka
Sote kumi na mmoja tulichimba makaa ya mawe humu mpaka mgodi ulipofungwa. Mwaka 1987 mwamba uliporomoka, ukamfungia ndani Ernest Pyka, mume wa Mama Hildegarda. Kwa desturi yetu, aliyefukiwa hugonga bomba la hewa mara tatu, na walio nje humjibu. Ernest aligonga siku mbili. Aliyekuwa akimjibu ni mwenzetu Alojzy Kempa. Siku ya tatu kukawa kimya, tukaamriwa kujenga ukuta kuziba pale alipofukiwa. Mjane tulimwambia mumewe alikufa papo hapo. Tulidhani tunampunguzia uchungu.

Mafanikio
Mwaka jana tulipokea watalii elfu arobaini, nawe umetuletea tuzo ya kivutio bora. Wanachosifia zaidi ni mchezo wetu wa pale ukutani. Mwongozaji husema, "Mwenzetu aligonga hapa siku mbili. Nyamazeni, huenda bado anagonga." Taa huzimwa. Kempa, akiwa amejificha, hugonga mara tatu. Watu hupiga mayowe, kisha hucheka. Nasi tulicheka nao.

Aibu yetu
Mwezi Mei Mama Hildegarda alikata tiketi akashuka na wajukuu zake. Hatukumtambua. Taa zikazimwa, bomba likalia. Yeye hakupiga yowe. Alipapasa gizani, akajibu kwa pete yake, mara tatu.

"Ernest, ni wewe?"

Mmoja wetu akadhani ni utani, akadakia: "Ndiyo, bibi, nina njaa, niteremshie soseji."

Watalii wakaangua kicheko. Taa zilipowaka, mkono wake ulikuwa bado kwenye bomba.

"Mliniapia alikufa papo hapo," alisema. Akawashika wajukuu mikono, akapanda juu.

Maombi
Mgeni rasmi, hatuombi lifti mpya. Tunaomba uondoke na tuzo hii, na mchezo huu ufutwe kwenye vipeperushi vya mkoa. Tulitaka na bomba likatwe, lakini Mama alituma neno: "Msilikate. Ndilo aliloshika mwisho." Basi litabaki, na hapo tutapita kimya.

Mama, jambo lililokuwa lako tuliwasimulia wapita njia kwanza. Tusamehe ukiweza. Usipoweza, hatutakulaumu.

Mungu awarehemu waliobaki chini, awatunze waliorudi juu.

Ni sisi,
Waongozaji wa Mgodi wa Apolonia, Silesia.

Imesomwa na Alojzy Kempa, kwa ombi lake mwenyewe.